Duma wa Ulu na Vifaru wa Makueni

Uwanda wa Malili uko magharibi mwa Kaunti ya Makueni, kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, mahali ambapo mbuga tambarare za Kapiti zinakutana na vilima vya Ukambani. Udongo wake ni mweusi, unanata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kwa hiyo miti ni michache na nyasi ndizo zilizotawala. Upande wa kaskazini na magharibi mbuga hizo huendelea hadi Athi na Kajiado. Upande wa kusini na mashariki nchi huteremka, joto huongezeka, na nyasi hupisha vichaka vya miiba vinavyofika Kibwezi, vikavuka Mto Athi kuingia Kitui, na kuungana na nyika ya Tsavo.

Kwa mnyamapori hizi zilikuwa nchi mbili. Mbugani waliishi nyumbu, pundamilia, kongoni, swala na duma aliyewawinda. Vichakani waliishi kifaru, tembo na tandala. Kila nchi ilipoteza wanyama wake kwa njia yake. Vichaka vya Makueni vilipoteza vifaru kwa bunduki, katika muda wa miaka miwili na ushei. Mbuga za Malili zimekuwa zikipoteza nyumbu na duma polepole, kwa seng'enge, viwanja na barabara. Utafiti wa makazi ya wanyama na wa jeni zao ulikuja baadaye, na katika visa vyote viwili umeonyesha kwamba hasara ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya vichwa.

Kabla ya reli, mbuga hizi zilikuwa malisho yaliyogombaniwa na Wamaasai na Wakamba. Makao ya kudumu yalikuwa machache kwa sababu ya uhaba wa maji na hofu ya uvamizi. Wakamba waliishi zaidi vilimani, wakalima huko na kushuka kuwinda kwa pinde na mishale ya sumu. Katikati ya karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikienda Mombasa, na Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alipata sifa zake katika biashara hiyo. Kisha miaka ya 1890 ikaja na maafa mfululizo: sotoka iliyofagia ng'ombe pamoja na nyati na tandala wa porini, ndui, na njaa kubwa ya mwishoni mwa muongo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waingereza walikuta mbuga zenye watu wachache na wanyama wengi, wakazihesabu kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Kosa hilo la kuhesabu ndilo chanzo cha mengi yaliyofuata.

Reli ndiyo iliyowaleta wakusanyaji. Stesheni za Ulu, Konza na Kapiti zilikuwa katikati ya mbuga, na msafiri aliweza kuona makundi ya wanyama bila kushuka kwenye behewa. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka stesheni ya Kapiti na kuanza safari ya uwindaji na ukusanyaji kwa niaba ya Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Msafara wake ulipeleka Marekani zaidi ya wanyama 11,000, wakubwa kwa wadogo, waliochunwa na kukaushwa. Miongoni mwa wataalamu aliokuwa nao ni Edmund Heller, aliyerudi tena Afrika Mashariki miaka miwili baadaye pamoja na tajiri mmoja wa Marekani, Paul Rainey.

Mwaka 1913 Heller alichapisha maelezo ya duma aliyepatikana Ulu, jirani ya Malili, katika mbuga za Kapiti. Alimwona kuwa tofauti kidogo na duma wa kusini mwa Afrika, akampa jina la kisayansi Acinonyx jubatus raineyi kwa heshima ya Rainey. Mnyama wa kwanza anayetumiwa kuelezea aina mpya huwa kipimo cha kudumu: kila mtaalamu anayetaka kujua kama duma fulani ni wa aina hiyo sharti arudi kwake. Kwa hiyo duma wa Afrika Mashariki nzima, akiwa Serengeti, Samburu au Karamoja, alipata jina lake la kisayansi kutokana na mnyama mmoja wa Ulu. Jambo hili halisimuliwi Makueni inavyostahili. Wilaya nyingi za Kenya zina wanyama, lakini ni chache zilizotoa kipimo cha dunia.

Nyuma ya wakusanyaji walikuja walowezi. Mbuga za Kapiti, Konza na Malili ziligawanywa kuwa ranchi za ng'ombe za Wazungu, na Wakamba wakafungiwa katika hifadhi ya wenyeji iliyokuwa vilimani. Malisho ya mbugani waliyoyategemea wakati wa ukame yakawa marufuku. Idadi ya watu na mifugo ikaongezeka juu ya ardhi ile ile, na kufikia miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo wa Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ulikuwa habari iliyojulikana hadi London. Serikali iliamua kwamba tatizo ni wingi wa ng'ombe. Mwaka 1938 ilianza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini kwa kiwanda cha nyama cha Athi River. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa amani hadi Nairobi na kukaa huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na uuzaji huo wa nguvu.

Swali la ardhi lilibaki. Jibu la haki lingekuwa kurudisha malisho ya mbugani, lakini hayo yalikuwa mikononi mwa walowezi. Macho ya serikali yakageukia upande mwingine, kwenye vichaka vya Makueni, ambako hakukuwa na mlowezi wa kuudhi. Vizuizi vilikuwa vitatu: uhaba wa maji, ndorobo wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, na vifaru. Ndorobo huishi kwenye kivuli cha vichaka vizito, kwa hiyo mpango ulikuwa kufyeka vichaka. Wafyekaji hawakuweza kufanya kazi mahali ambapo kifaru aliweza kuchomoka kichakani wakati wowote.

Kazi ya kuwaondoa vifaru alipewa John Alexander Hunter, Mskoti aliyefika Kenya mwaka 1908 na kutumikia Idara ya Wanyama kwa miaka mingi. Alianza Agosti 1944. Kifaru mweusi haoni mbali, ana desturi ya kutumia njia zile zile kwenda majini, na anaposhtuka mara nyingi humjia adui badala ya kukimbia. Tabia hizo, zilizomlinda dhidi ya simba kwa maelfu ya miaka, zilimfanya awe windo rahisi kwa mwenye bunduki nzito na wafuatiliaji wazoefu wa nyayo. Wafuatiliaji hao walikuwa Wakamba wa nchi hiyo hiyo, na bila wao kazi isingewezekana. Nyama ililiwa na wenyeji, na pembe zikawa mali ya serikali. Kufikia mwisho wa Oktoba 1946, hesabu inayotajwa katika kumbukumbu za Idara ilikuwa vifaru 996.

Hunter mwenyewe hakuwa na raha na kazi hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 alihoji kama ilistahili kuua wanyama wa ajabu kama hao ili kupata ekari chache zaidi za kulima, na hakujipa jibu. Alimalizia maisha yake katika nchi hiyo hiyo, akijenga nyumba ya wageni Kiboko kando ya barabara ya Mombasa, na akafariki mwaka 1963.

Makazi ya Makueni yalianza vichaka vilipofyekwa, lakini mwanzoni watu walisita kuhamia. Waliogopa kwamba wakishaisafisha ardhi Mzungu ataichukua, na historia ya mbuga za Kapiti iliwapa sababu ya kuogopa. Hatimaye walikwenda, kwa maelfu, na ardhi waliyoitunza kwa matuta na mabwawa madogo imewalisha hadi leo. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watu wa wilaya ya zamani ya Machakos waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, huku mmomonyoko ukipungua. Mkulima wa Makueni hakuwa mharibifu wa ardhi kama wakoloni walivyodai. Gharama ya vifaru ilitokana na uamuzi wa ni ardhi ipi itaguswa na ipi haitaguswa, na uamuzi huo haukufanywa na Mkamba.

Tarehe za miaka hiyo zinashangaza zikiwekwa pamoja. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1945, Hunter akiwa katikati ya kazi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa Desemba 1946, majuma machache baada ya hesabu ya Makueni kufungwa. Tsavo ikafuata mwaka 1948, mpakani mwa nchi ile ile ya vichaka. Serikali moja iliua vifaru upande mmoja wa mstari na kuwatangazia ulinzi upande wa pili, na kifaru, ambaye hakuujua mstari huo, alikuwa wa jamii moja iliyoenea kutoka Makueni hadi Kitui na Tsavo.

Kwa muda Tsavo ilionekana kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti John Goddard alikadiria kwamba vifaru wa huko walikuwa kati ya 6,000 na 9,000, kundi kubwa kuliko lolote duniani. Kenya nzima ilikuwa na takriban vifaru 20,000 mwaka 1970. Kisha bei ya pembe ikapanda katika masoko ya Yemen na Asia ya Mashariki, na majangili wakaingia. Marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 haikuwazuia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wasiofika 400, na Tsavo, yenye ukubwa wa nchi ndogo, ilibaki na wachache waliotawanyika. Hifadhi ya Kitui Kusini, iliyotengwa mwaka 1979 ng'ambo ya Mto Athi, ilibaki na jina la hifadhi bila vifaru wa kuhifadhi.

Hapa ndipo utafiti wa jeni unapoingia. Muundo wa DNA ulieleweka mwaka 1953, miaka saba baada ya bunduki za Makueni kunyamaza. Kilichofuata katika nusu karne ni uwezo wa kusoma urithi wa mnyama kutoka kwenye damu, kinyesi, mfupa au ngozi iliyokauka. Njia mbili zimetumika zaidi kwa vifaru. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na hivyo hufuatilia koo za kike kwa vizazi vingi. Ya pili ni mikrosatelaiti, yaani vipande vya DNA ambamo herufi chache hurudiwarudiwa. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, na kwa kulinganisha vipande kadhaa mtafiti hutambua mnyama mmoja mmoja, wazazi wake, na kiasi cha tofauti kilichobaki katika kundi zima.

Tofauti hiyo ndiyo akiba ya spishi. Mkulima wa Makueni hapandi mbegu moja: huchanganya kunde, pojo, mbaazi na mtama kwa sababu hajui mvua itakuja vipi, na anajua kwamba mojawapo itavumilia. Kundi la wanyama lenye jeni za aina nyingi lina nafasi kama hiyo mbele ya ugonjwa mpya au ukame. Likipungua sana, aina nyingi hupotea kwa bahati tu, kwa sababu waliozibeba wamekufa, na waliobaki huanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Idadi ikiongezeka baadaye, zile zilizopotea haziongezeki pamoja nayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ulioongozwa na Yoshan Moodley pamoja na Michael Bruford wa Chuo Kikuu cha Cardiff, ulilinganisha vifaru weusi waliohifadhiwa katika makumbusho na wale walio hai. Kati ya koo 64 za mitokondria zilizotambuliwa, 44 hazikupatikana tena kwa mnyama yeyote aliye hai. Hiyo ni asilimia 69. Hesabu hii ni ya Afrika nzima na haiwezi kugawanywa kwa wilaya, lakini vifaru karibu elfu moja walioondolewa sehemu moja ya Ukambani kwa miezi 26 ni sehemu ya mchakato ulioifanya iwe hivyo.

Kenya ilikuwa na nafuu fulani. Utafiti wa Muya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba vifaru wa Kenya bado wana tofauti nyingi za jeni, na kwamba makundi yao hayatofautiani sana. Sababu inajulikana. Katika miaka ya 1980, vifaru wa mwisho waliokuwa wametawanyika nchini walikamatwa na kukusanywa katika hifadhi zenye ulinzi mkali, wakachanganywa wa kaskazini na wa kusini. Ngulia, iliyoanzishwa mwaka 1986 ndani ya Tsavo Magharibi, ni mojawapo, na ndiyo iliyo karibu zaidi na vichaka vya zamani vya Makueni. Waliowahamisha walikuwa wakikimbizana na majangili na hawakuwa na muda wa kupanga koo. Hata hivyo mchanganyiko huo uliokoa aina nyingi kuliko vile ambavyo ingekuwa kama kila kikundi kingeachwa peke yake. Vifaru wa Maasai Mara, walio magharibi mwa Bonde la Ufa, wao walionekana kuwa na asili ya pekee, na hilo limewapa wasimamizi sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuwachanganya na wengine.

Utafiti wa makazi una uzito sawa na ule wa jeni, na somo lake kali zaidi lilitokea Tsavo mwaka 2018. Vifaru 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kupelekwa Tsavo Mashariki ili kuanzisha kundi jipya. Kwa upande wa jeni mpango ulikuwa na mantiki. Lakini maji ya visima waliyopewa yalikuwa na chumvi nyingi, nao walikuwa wamezoea maji matamu. Kiu ilizidi kadiri walivyokunywa, na wote 11 walikufa, mmoja wao baada ya kushambuliwa na simba. Kupima maji ni kazi ndogo kuliko kumsafirisha kifaru mmoja kwa lori, na inapaswa kutangulia.

Leo Kenya ina vifaru weusi karibu 1,000. Maabara ya jeni na uchunguzi wa jinai iliyofunguliwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) huko Nairobi mwaka 2015 imeongeza matumizi ya pili ya elimu hii. Pembe iliyokamatwa bandarini au uwanja wa ndege inaweza kulinganishwa na sampuli za wanyama walio hai na waliouawa, na jangili akafikishwa mahakamani kwa ushahidi unaomhusisha na mzoga fulani. Mfumo huo ulianza Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, na Kenya iliuchukua. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kama ilivyopitishwa, ilimtishia anayeua kifaru kwa faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, na hukumu nzito kama hiyo ilihitaji ushahidi usiotetereka.

Historia ya duma ilifuata njia nyingine. Duma hakuwahi kuwa na tofauti nyingi za jeni, hata kabla ya binadamu kumwekea uzio. Mwaka 1983 Stephen O'Brien na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba duma waliowapima walikuwa karibu sawa kabisa kijeni. Walifuatisha kwa jaribio la kupandikiza ngozi kati ya duma wasio na undugu unaojulikana. Kwa kawaida mwili huikataa ngozi ya mgeni katika muda mfupi, lakini duma hao waliipokea kana kwamba ni yao. Katika hifadhi moja ya Oregon, ugonjwa wa virusi ambao kwa paka wa nyumbani huua wachache uliwaua duma wengi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mababu wa duma walipungua mno mwishoni mwa enzi ya barafu, miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, na waliopo wote wametokana na wachache walionusurika.

Kwa mnyama wa namna hiyo, kila tofauti iliyobaki ina thamani, na hapo ndipo duma wa Ulu alirudi kwenye mjadala. Mwaka 2017 wataalamu wa paka wa porini waliamua kumfuta raineyi na kumhesabu pamoja na duma wa kusini, kwa kuwa ushahidi wa kumtenga ulikuwa hafifu. Mwaka 2022 Stefan Prost na wenzake walichapisha uchunguzi wa jenomu uliotumia pia vielelezo vya makumbusho. DNA ya ngozi kavu huwa imevunjikavunjika na kuchafuliwa na bakteria, hivyo husomwa kwa vipande vifupi katika maabara safi na kuunganishwa na kompyuta. Matokeo yao yaliunga mkono kumtenga duma wa Afrika Mashariki kuwa nususpishi yake. Macho ya Heller, aliyekuwa na rula na ngozi tu mwaka 1913, hayakuwa yamekosea.

Jambo hili lina matokeo ya vitendo. Nchi inayotaka kumrudisha duma mahali alipotoweka sharti iamue duma atoke wapi. Duma wa Namibia na Afrika Kusini ndio wanaopatikana kwa urahisi, na wamepelekwa nchi kadhaa. Ikiwa duma wa Afrika Mashariki ni tawi la pekee, kumwacha apungue kwa matumaini ya kuleta wengine kutoka kusini ni kupoteza tawi zima.

Naye amepungua. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa na Sarah Durant na wenzake, yanayotajwa zaidi tangu 2016, ni duma 7,100 hivi, waliobaki katika asilimia 9 ya eneo walilokuwa nalo zamani. Zaidi ya robo tatu ya eneo hilo liko nje ya mbuga zilizohifadhiwa. Duma hunyang'anywa windo na simba na fisi, na watoto wake huuliwa nao, kwa hiyo mara nyingi huishi vizuri zaidi kwenye ranchi na malisho ya wafugaji. Anahitaji nafasi pia: jike wa Serengeti huzunguka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 800. Hakuna ranchi ya Ukambani yenye ukubwa huo. Duma wa Malili aliishi kwa kupita ranchi moja hadi nyingine, na aliweza kupita kwa sababu ranchi za ng'ombe, pamoja na dhuluma iliyozianzisha, ziliacha nyasi wazi.

Baada ya uhuru ranchi hizo zilinunuliwa na kampuni na vyama vya wenyeji. Ilikuwa haki iliyocheleweshwa, na wanahisa walikuwa wengi. Kadiri miaka ilivyopita, kila mwanahisa alitaka kipande chake na hatimiliki yake, na ranchi moja baada ya nyingine ikapimwa na kukatwa. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za Ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi. Bei ya ardhi iliyouzunguka ikapanda, hata pale serikali ilipotangaza ukanda wa kinga wa kilomita 10. Reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ikaongeza mstari mwingine wa kuvuka.

Athari inaonekana vizuri zaidi kwa nyumbu. Katika mbuga za Athi na Kaputiei, hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha nyumbu zaidi ya 30,000 mwaka 1978 na wasiofika 5,000 mwaka 2011. Joseph Ogutu na wenzake, wakitumia hesabu za serikali za tangu 1977, walionyesha mwaka 2016 kwamba wanyamapori wa nyika zote za Kenya walikuwa wamepungua kwa asilimia 68. Kuanzia 2010 watafiti waliwavika nyumbu wa Athi na Kaputiei kola za GPS, wakaona jinsi nyua na makazi yalivyobana mizunguko yao. Mwaka 2024 kundi la kimataifa lililosoma jenomu za nyumbu 121 lilikuta kwamba wale ambao njia zao za kuhama zimekatika wana tofauti ndogo za jeni na uzazi zaidi wa ndugu kwa ndugu kuliko wale wanaoendelea kuhama. Uzio uliowekwa na mzazi unaweza kusomwa katika damu ya wanyama ambao mtoto wake atawakuta.

Nyumbu na swala wakipungua, duma hukosa windo na huelekea kwenye mbuzi, na hapo mgogoro na mwenye boma huanza. Watafiti wa Action for Cheetahs in Kenya, shirika linaloongozwa na Mary Wykstra, wamefanya kazi Salama, jirani ya Malili, kuchunguza jinsi duma anavyoishi kwenye ranchi zilizokatwa. Kwa kuwa duma haonekani kirahisi, shirika hilo limetumia pia mbwa waliofunzwa kunusa kinyesi chake. Kinyesi hubeba seli za utumbo zenye DNA, na kutokana na sampuli moja inawezekana kujua mnyama ni nani, ni dume au jike, na amekula nini, bila kumtega wala kumdunga sindano. Njia hii inafaa mahali kama Malili, ambako waliobaki ni wachache mno kuhatarishwa kwa ajili ya kuhesabiwa.

Nafasi iliyobaki si kubwa, lakini ipo. Upande wa Machakos, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ina kituo cha Kapiti chenye hekta 13,000, ambako ng'ombe na kondoo wa utafiti hulisha pamoja na pundamilia, kongoni na twiga. Sheria ya mwaka 2013 inaitambua hifadhi ya jamii au ya mtu binafsi kuwa matumizi halali ya ardhi, na mwenye ardhi anaweza kunufaika nayo. Ramani za kola za GPS zinaonyesha wanyama wanapopita. Kilichobaki ni kwa serikali za kaunti za Makueni, Machakos na Kajiado, pamoja na mamlaka ya Konza, kuziweka njia hizo kwenye mipango ya ardhi kabla ya viwanja vilivyosalia kuzungushiwa uzio, na kuwalipa wenye mashamba wanaokubali kuziacha wazi.